Fundi Anajibu: Aliyekutumia siye aliyeitengeneza

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: nimepewa programu nje ya Play Store, niiamini au nisiiamini? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kila wiki ninapokea simu tatu au nne zenye tatizo hilohilo hapa kwenye meza yangu Arua.

*Dada fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasese. Likizo iliyopita mpwa wangu anayesoma Kampala aliniwekea WhatsApp ya GB. Aliirusha kwa Xender kutoka simu yake. Naweza kusoma ujumbe uliofutwa na kuficha kwamba niko hewani. Wiki iliyopita nikaambiwa akaunti yangu imezuiwa kwa muda. Kijana anasema nisiogope, nipakue toleo jipya kwenye tovuti. Namwamini, ana adabu na simu anazijua. Lakini tovuti ziko nyingi na kila moja inadai yenyewe ndiyo halali. Nitaijuaje iliyo salama? — Mwalimu, Kasese*

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Nianze na mpwa wako, maana sitaki jibu langu lilete maneno nyumbani. Kijana hakukudanganya. Amekupa kitu anachokitumia mwenyewe. Ila yeye hakuitengeneza programu ile, na nina hakika hamjui aliyeitengeneza. Faili alilipata kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine. Wewe unamwamini kijana, halafu imani hiyo umeihamishia kwenye faili. Wateja wangu wengi hunaswa hapohapo, na si kwa ujinga. Wamepewa na mume, na binti, na jirani wa kanisani au msikitini, na moyo hauoni sababu ya kuuliza zaidi.

Sasa tuitazame programu yenyewe. WhatsApp ni mali ya kampuni ya Meta. Hiyo GB haikutoka kwao. Ni WhatsApp ambayo mtu mwingine ameifungua, akabadilisha vitu ndani, akaifunga tena. Kila programu ya Android hubeba muhuri wa mtengenezaji wake. Huu si muhuri wa kuonekana kwa macho, ni hesabu za siri ambazo simu inazikagua yenyewe. Ukibadilisha hata herufi moja ndani, muhuri wa mwanzo unavunjika, na huna budi kugonga wako. Na simu haikubali toleo jipya la programu mpaka muhuri wake ulingane na wa lile la zamani. Ndiyo maana mtu akijaribu kuweka WhatsApp ya kweli juu ya ile iliyochezewa, na zote mbili zina jina moja la ndani, simu inakataa na kusema programu haijasakinishwa. Wateja huniletea wakisema simu imejaa. Nawaonyesha nafasi, iko tele. Kilichokataa ni muhuri.

Umeniuliza kati ya tovuti hizo ipi ni salama. Sitakutajia hata moja, kwa kuwa hakuna kati yao yenye haki ya kutoa WhatsApp, na aliye nyuma yake hajulikani jina wala mahali. Likitokea baya, hakuna mlango wa kugonga. Na mabaya yameshatokea. Agosti 2021 watafiti wa kampuni ya Kaspersky walitangaza kwamba FMWhatsApp toleo 16.80.0, ambayo ni ya ukoo mmoja na hiyo yako, ilikuwa imebeba kirusi kinachoitwa Triada. Kirusi hicho kinaweza kuingiza programu nyingine kwenye simu na kumsajili mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Oktoba 2022 wakaeleza kwamba YoWhatsApp toleo 2.22.11.75 inaiba funguo za akaunti, yaani mwizi anaweza kuingia kwenye WhatsApp yako akajifanya wewe.

Hilo la kwanza ningependa ulifikirie vizuri. Triada iliingia pamoja na kipande cha kuonyesha matangazo ambacho kiliunganishwa na programu. Hata aliyeichezea WhatsApp akiwa hana nia mbaya na wewe, anataka apate chochote, basi anachukua kipande cha matangazo kwa mtu mwingine naye anakiweka. Mpwa wako amemwamini rafiki, rafiki amemwamini fundi asiyemjua, fundi naye amemwamini muuza matangazo. Wewe uko mwisho wa mstari huo, na majina ya wazazi wa wanafunzi wako yamo ndani ya simu yako.

WhatsApp kwa kazi yake inahitaji majina ya watu, kamera, maikrofoni na picha. Ruhusa hizo unazitoa bila kufikiri, kwani bila hizo haifanyi kazi. Anayeichezea hahitaji kuomba kitu cha ajabu. Kwa hiyo kwenye WhatsApp iliyochezewa, kukagua ruhusa peke yake hakutoshi, ingawa kwa programu nyingine nyingi ndiko ninakoanzia.

Fanya hivi jioni ya leo ukiwa na bando. Mazungumzo usiyotaka kuyapoteza yahamishe moja moja kwa kujitumia kwa baruapepe, kwa sababu nakala ya GB inaweza isifunguke kwenye WhatsApp ya kweli na sitaki kukuahidi uongo. Picha ziangalie kama zimo kwenye ghala la picha la simu. Ondoa GB. Kisha ingia Play Store na utazame jina la mtengenezaji lililo chini ya jina la programu: liwe WhatsApp LLC. Ukifungua ukurasa huo kwa kivinjari, mwisho wa anwani utaona id=com.whatsapp, bila herufi ya ziada. Ukishaiweka utatumiwa namba ya uthibitisho ya tarakimu 6. Hiyo usimpe mtu, hata mpwa. Ukiingia, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe kila kifaa usichokitambua. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili na uchague namba yako ya siri.

Najua kwa nini watu wanarushiana kwa Xender. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu yake. Sitamlaumu mtu kwa kuokoa pesa. Lakini Play Store yenyewe ina njia ya kurusha programu kutoka simu moja kwenda nyingine bila bando: bonyeza picha yako juu kulia, ingia kwenye sehemu ya kudhibiti programu na kifaa, utafute sehemu ya kushiriki programu. Mmoja anabonyeza kutuma, mwingine kupokea. Hapo Play Store inaikagua programu, na kesho itaisasisha kama kawaida. Mwonyeshe mpwa wako. Nadhani atafurahi, naye atawaonyesha wenzake.

Nikuongezee moja, Mwalimu, ili usije ukadhani nje ya Play Store kote ni kubaya. Signal na Telegram wanatoa faili la programu kwenye tovuti zao wenyewe. Kuna pia F-Droid, ghala lililoanza 2010, ambalo programu zake ziko wazi na anayejua kusoma maandishi yake anaweza kuyasoma. Nikipewa faili la nje, naenda kwenye tovuti ya mwenye programu na kuchukua kwa mkono wake. Kama mwenyewe hana tovuti, hana jina, wala hana barua pepe anayojibu, siiweki. Na tovuti ikiniambia nizime kwanza Play Protect ndipo niweke programu yao, naifunga palepale. Play Protect ndiyo inayokagua programu kwenye simu, hata zilizotoka nje. Anayekuomba umfungie mbwa ndani kabla hajaingia uani, mwache nje.

*Fundi, nauza nguo Owino. Nilikopa shilingi 100,000 kwenye programu iliyokuja kwa linki ya SMS. Siku ya saba nikachelewa, wakaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yangu, hata mama mkwe. Namba walizipataje? Nikiifuta wataacha? — Mama Owino, Kampala*

Mama, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hapo kwa mama mkwe nikaumia.

Namba uliwapa wewe bila kujua. Siku ya kwanza ulipoifungua, simu ilikuuliza kama programu hiyo iruhusiwe kuona majina yako. Ulikuwa na haraka ya pesa, ukabonyeza kuruhusu. Orodha yote ikaondoka wakati uleule kwenda kwenye kompyuta zao. Kuifuta sasa hakurudishi orodha, lakini ifute hata hivyo ili isiendelee kuchota. Kabla ya kuifuta, piga picha kioo penye mkataba, kiasi ulichokopa, na ujumbe wote wa matusi. Waombe na mama mkwe na wengine wasifute walichotumiwa.

Kwa wengine wanaosoma: ipo sababu iliyoileta programu ile kwa SMS na si kwa Play Store. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google haiziruhusu programu za mikopo kwenye Play Store kusoma majina ya watu wala picha za mkopaji. Na mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu haukubaliwi huko. Huo wako ulikuwa wa siku saba. Waliokataliwa mlangoni wanapita dirishani. Mtu akikuletea programu ya mkopo kwa linki, mwulize maswali mawili tu: jina la kampuni iliyo kwenye leseni ya ukopeshaji ni lipi, na ofisi iko barabara gani. Sheria ya mwaka 2016 inamtaka mkopeshaji wa Uganda awe na leseni. Mwenye leseni hana haya ya kuionyesha.

Na hili la kuwapigia jamaa zako usilinyamazie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi inayopokea malalamiko. Peleka picha ulizopiga. Deni lako halali lilipe, kwa njia inayotoa risiti. Mama mkwe mwendee mwenyewe ukae naye, asisikie habari zako kutoka kwa watu wale peke yao.

*Fundi, mimi ni mzee mstaafu wa jeshi. Nikisoma habari kwenye simu inatokea picha nyekundu inayosema simu yangu ina virusi 13 na nibonyeze kupakua dawa. Inatetemeka kabisa. Nibonyeze? — Mzee, Bombo*

Usibonyeze, mzee wangu. Ukurasa wa habari hauna uwezo wa kupima virusi ndani ya simu, hata uandike 13 au 1,300. Simu inatetemeka kwa sababu kurasa za intaneti zinaruhusiwa kuitetemesha. Funga kivinjari chote. Kama bado unataka kuhakikisha, ingia Play Store, bonyeza picha yako, chagua Play Protect, uiambie ikague. Haina malipo. Vijana wa jirani wakikupendekezea programu ya kusafisha simu au ya kuiharakisha, waambie asante, simu inajitosheleza.

*Dada, nasafiri kati ya Koboko na Congo kwa biashara. Bila VPN, ile programu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, sifungui Facebook, na wateja wangu wako huko. VPN za bure ni nyingi mno. Nichague kwa nyota au kwa idadi ya waliopakua? — Mfanyabiashara, Koboko*

Kaka, si kwa nyota wala kwa idadi. Nitakueleza kwa nini, na itanibidi niseme jambo lililonitokea.

Julai 2018 ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, meza yangu ilijaa watu. Wote walitaka VPN ili kuikwepa kodi hiyo. Mimi nilikuwa na faili moja nililopewa na fundi mwenzangu, mtu aliyenifundisha kubadilisha vioo na ambaye mpaka leo namheshimu. Nikaliweka kwenye simu za wateja, mmoja baada ya mwingine, kwa shilingi 1,000. Majina nilikuwa nayaandika kwenye daftari. Walifika 31.

Wiki ya tatu akarudi mama mmoja anayeuza nyanya. Kila akiamka salio limepungua, na yeye usiku hapigi simu. Nilidhani ni bando linajinunua upya. Nikazima. Kesho yake akarudi tena, salio limekwenda. Ndipo nikaketi na simu yake, nikafungua Mipangilio, nikaingia kwenye Programu, nikapitia ruhusa za kila moja. Nilipofika kwenye ile VPN niliyomwekea kwa mkono wangu, nikakuta ruhusa ya SMS imewashwa. VPN kazi yake ni kupitisha intaneti kwa njia nyingine. Haina shughuli yoyote na SMS. Nikaizima ruhusa hiyo tu, sikugusa kitu kingine, nikamwekea shilingi 1,000 za salio na kumwomba arudi asubuhi. Akarudi, na 1,000 yote ilikuwepo. Programu ilikuwa inatuma SMS za kulipia usiku. Nikaifuta mbele yake na kumrudishia alichopoteza kadiri alivyokumbuka.

Kwa hiyo, kaka, swali la kwanza ninalouliza sasa ni: ruhusa hii inahusiana vipi na kazi ya programu hii? Tochi inataka majina ya nini? VPN inataka SMS ya nini? Kikokotoo kinataka kujua niko wapi ili iweje? Na iko ruhusa moja ninayoiogopa kuliko zote, inaitwa Ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye ulemavu wa mikono, na ni jambo jema. Lakini programu uliyoipa Ufikivu inaweza kusoma kinachoonekana kwenye kioo na kubonyeza badala yako. Kwa mtu anayeweka pesa za biashara kwenye simu, hilo ni zito. Weka simu yako kwa Kiswahili kama Kiingereza cha mipangilio kinakusumbua. Wateja wangu wengi walianza kuzisoma ruhusa siku niliyowabadilishia lugha.

Swali la pili ni nani anailipia. Kuendesha VPN ni gharama: kompyuta, umeme, intaneti. Asipolipa mtumiaji, analipa mwingine, na huyo mwingine anataka kitu. VPN inajua kila tovuti unayoiendea, hata kama haisomi yaliyomo. Facebook yenyewe iliwahi kumiliki VPN ya bure iitwayo Onavo, iliyokuwa ikikusanya habari za programu ambazo watu wanazitumia kwenye simu zao. Apple ikaitaka iondolewe kwenye duka lake Agosti 2018, mwaka uleule ambao sisi huku tulikuwa tunarushiana mafaili ya VPN. Nayo ilikuwa na nyota na ilipakuliwa na watu mamilioni, kwa hiyo nyota hazikusaidii. Google yenyewe mwezi Januari 2020 ilisema imeshaondoa Play Store programu 1,700 zilizokuwa na kirusi kimoja tu, kiitwacho Joker, na kazi ya kirusi hicho ni kama ile ya kwenye simu ya mama wa nyanya.

Maoni ya watumiaji yasome, lakini anzia kwa waliotoa nyota moja. Huko ndiko watu wanaandika kwamba salio limekwisha au matangazo yamejaa. Sehemu inayoeleza programu inakusanya data gani, iliyowekwa Play Store mwaka 2022, isome pia, ukijua kwamba anayeijaza ni mtengenezaji mwenyewe. Ukiwa na shaka na faili, kabla ya kuliweka lipeleke VirusTotal, tovuti inayolipima kwa dawa za virusi zaidi ya 60 kwa pamoja. Likitoka chafu, achana nalo. Likitoka safi, bado kagua ruhusa, maana kirusi kipya huchukua siku kadhaa kutambuliwa.

Kwa VPN tafuta yenye ngazi ya bure inayobebwa na wateja wanaolipa, na ambayo programu zake ziko wazi kwa kila mtu kuzikagua. Proton VPN ya Uswisi ni mfano, iliziweka wazi Januari 2020. Ya bure haina kasi kubwa, lakini kwa kuwajibu wateja Facebook inatosha. Na ukitaka kutuma pesa za simu, izime kwanza.

Wale 31 niliwatafuta mmoja mmoja kwa daftari. Wengine niliwakuta sokoni, wengine nilipanda bodaboda mpaka kwao. Nilifuta faili lile kwenye simu 26. Watano sijawapata mpaka leo; wawili waliandika jina moja tu, na watatu namba zao hazipatikani. Kama uliwekewa VPN kwenye meza ya fundi mwanamke karibu na stendi ya Arua mwezi wa saba au wa nane 2018, na simu hiyo au kadi yake ya kumbukumbu bado unayo, au umempa mtoto anachezea, niletee. Meza iko palepale, na sitakudai kitu.